UZI: Stephen Jay Gould, kipi cha kwake kimesimama na kipi kimeanguka? (Tuanzie kwa silikanti wetu wa Tanga)

#1 Mwalimu_Ngamiani

Wakuu, heshima kwenu.

Kila silikanti anaponaswa kwenye jarife huku kwetu, picha zinasambaa na maelezo ni yale yale: "samaki ambaye hajabadilika kwa mamilioni ya miaka". Wanafunzi wanaingia darasani na sentensi hiyo, na swali linalofuata ni la haki kabisa: kama mageuzi yapo, huyu mbona kabaki vile vile?

Aliyeling'ang'ania swali la viumbe kutobadilika mpaka likawa mada kamili ya utafiti ni Stephen Jay Gould. Alizaliwa New York tarehe 10 Septemba 1941, akaanza kufundisha Harvard 1967, akafariki 20 Mei 2002. Alikuwa mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, na viumbe aliowapima kwa mkono wake ni konokono wa nchi kavu wa Bermuda na Bahamas. Wasomaji wa kawaida wanamjua kwa makala zake za jarida la Natural History: 300 mfululizo, toka 1974 hadi Januari 2001.

Wenzake walimkalia kooni pia. Mwaka 1995 John Maynard Smith, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo Uingereza, aliandika kuwa wanabiolojia aliozungumza nao wanaona mawazo ya Gould yamevurugika kiasi kwamba hayafai kuhangaika nayo, ila wanasita kumsema hadharani kwa kuwa yuko upande wao dhidi ya wapinga mageuzi. Si maneno madogo hayo.

Msimamo wangu: Gould ahukumiwe dai kwa dai. Ukimchukua mzima utamwonea, na ukimkataa mzima utajinyima. Naweka dai la kwanza mezani.

Mwaka 1972 yeye na mtaalamu mwenzake wa visukuku, Niles Eldredge, walisema hivi. Spishi nyingi katika visukuku hutokea kwa haraka, kisha hukaa karibu vile vile kwa muda mrefu mpaka zinapotoweka. Kabla yao utulivu huo ulionekana ni pengo tu la kumbukumbu za miamba, kitu kisicho na habari ndani yake. Wao wakasema utulivu wenyewe ni data, upimwe na uelezwe. Eldredge alikuwa na trilobiti (wanyama wa baharini wa kale wenye magamba, waliokwisha kutoweka) wa jenasi ya Phacops: alihesabu mistari ya lenzi katika macho yao akaona idadi inatoka 18 kwenda 17 katika eneo dogo na muda mfupi, kisha inakaa hapo.

"Haraka" hapo ni ya kijiolojia. Gould mwenyewe aliikadiria kuwa kama asilimia 1 ya maisha ya spishi. Spishi iliyoishi miaka milioni 4 inaweza kuwa imeumbika kwa miaka 40,000. Hivyo ni vizazi maelfu kwa maelfu, na uteuzi wa asili unafanya kazi muda wote huo. Anayesema Gould alifundisha kuwa mnyama mmoja huzaa mnyama wa aina nyingine ghafla, hajamsoma.

Karibuni tuchambue. Mwenye ujuzi wa miamba, wa samaki, wa takwimu, aingie.

#2 MtuWaMiamba

Mwalimu, umeanza vizuri. Naomba niingie kwenye upimaji wenyewe, maana hapo ndipo mijadala mingi huharibika.

Tuseme una tabaka za mashapo zilizojikusanya kwa kasi ya sentimita 1 kila miaka 1,000. Mruko wa miaka 40,000 uko ndani ya sentimita 40 za mwamba. Ukichukua sampuli kila baada ya mita moja utaona spishi A, kisha spishi B, na utatangaza "mruko" wakati umeruka wewe. Ukichukua kila baada ya sentimita 5 una sampuli nane ndani ya kipindi chenyewe, na hapo unaweza kusema kitu. Tatizo la pili ni minyoo na kaa wanaochimba tope kabla halijawa mwamba. Wanachanganya sentimita kadhaa za juu, kwa hiyo hata sampuli ya sentimita moja imebeba magamba ya karne nyingi tofauti. Kushuka chini ya kiwango hicho hakuna faida.

Utaratibu unaokubalika ni huu. Chagua sehemu isiyo na mkatiko wa mashapo. Mstari wa kokoto au uso uliomomonyoka ni dalili kuwa muda umepotea hapo. Chukua vielelezo visivyopungua 20 au 30 kila tabaka, maana wastani wa vielelezo vitano hutikisika kwa bahati tu. Pima sehemu zile zile kwa kila gamba: urefu, upana, kipenyo cha mdomo, idadi ya mizunguko. Ukishapata wastani na mtawanyiko wa kila tabaka, linganisha miundo mitatu: mwelekeo mmoja, yumbayumba isiyo na mwelekeo, na utulivu. Usitazame mchoro kwa macho ukaamua. Mfululizo wa yumbayumba mara nyingi unafanana na mwelekeo.

Gene Hunt alifanya hivyo mwaka 2007 kwa mifululizo ya visukuku karibu 250. Mabadiliko ya mwelekeo mmoja yalikuwa muundo bora kwa takriban asilimia 5 tu. Iliyobaki iligawana karibu nusu kwa nusu kati ya yumbayumba na utulivu. Kwa hiyo pale Gould aliposema badiliko la polepole la mwelekeo mmoja ni nadra katika visukuku, amesimama imara. Aliposema utulivu ndio kanuni, amepata nusu ya alama, kwa sababu yumbayumba nayo imechukua sehemu kubwa.

#3 MtuWaMiamba

Naongeza mfano wa Afrika Mashariki, kwa sababu unafundisha kuliko wa trilobiti.

Mwaka 1981 Peter Williamson alichapisha utafiti wa konokono na chaza wa maji baridi kutoka mashapo ya bonde la Ziwa Turkana, Kenya. Tabaka ni nene, magamba ni mengi, na majivu ya volkano yanasaidia kupata umri. Alionyesha koo 13, nyingi zikikaa bila kubadilika, kisha zikibadilika pamoja katika vipindi alivyokadiria kuwa kati ya miaka 5,000 na 50,000. Upande wa Gould ulifurahi sana.

Kisha maswali yakaanza. Konokono wengi wa maji baridi hubadilisha umbo la gamba kufuatana na chumvi na madini ya maji bila vinasaba kubadilika. Ziwa likipungua, koo zote zikabadilika kwa pamoja na ziwa likijaa zikarudi umbo la zamani, dalili hiyo inaelekea zaidi kwenye maji kuliko kwenye spishi mpya. Mwaka 2008 Van Bocxlaer na wenzake walipitia upya ushahidi wakasema sehemu kubwa ya hizo "spishi mpya" zinaelezeka kama wageni walioingia ziwani kutoka mabonde mengine.

Kwa hiyo mtu akipima magamba lazima ajibu mambo mawili kabla ya kutamka neno mruko: je, gamba linabadilika kwa maji tu? Na je, umbo jipya lilikuwapo mahali pengine tayari?

Upande wa pili wapo braiozoa (wanyama wadogo wa majini wanaoishi kwa makundi) wa Karibiani, jenasi ya Metrarabdotos, aliowapima Alan Cheetham miaka ya 1980. Alianza kazi akitarajia badiliko la polepole, akapata utulivu na mruko. Mfano huo bado haujatikiswa.

#4 Binti_Kigombe

Mwalimu shikamoo. Wadau, naomba silikanti aachwe nje ya ushahidi wa Gould, kwa heshima zote. Hautoshi.

Silikanti wa kwanza kutambuliwa na sayansi alipatikana 1938 East London, Afrika Kusini; Marjorie Courtenay-Latimer ndiye aliyemwona kwenye lundo la samaki wa meli ya uvuvi, na J.L.B. Smith akampa jina la Latimeria chalumnae mwaka 1939. Wa pili alipatikana 1952 Komoro. Kwetu wameanza kuonekana kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 kwenye majarife ya papa, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga ikaanzishwa 2009.

Sasa angalieni kwa karibu. Kundi la silikanti lina umri wa takriban miaka milioni 400. Jenasi ya Latimeria yenyewe haina kisukuku kinachojulikana. Tunachofananisha naye ni ndugu zake. Wa karibu ni Macropoma wa mwisho wa zama za dinosaria, ambaye hafiki nusu ya urefu wa huyu wetu anayefika karibu mita 2, na mifupa yake ya fuvu na ya uti wa mgongo inatofautiana. Silikanti wengi wa kale walikuwa na pafu lenye mabamba magumu kama mfupa. La Latimeria limesinyaa, na kiungo kilichojaa mafuta ndicho kinachomsaidia kuelea. Kuna silikanti wa kale aliyekuwa na mkia uliogawanyika kama wa jodari, Rebellatrix, mwindaji wa mbio. Kwa hiyo kundi limebadilika. Kilichobaki ni sura ya jumla, yaani mapezi yenye kiganja na mkia wenye pindo tatu.

Vinasaba navyo vinasema. Jenomu yake, yaani orodha nzima ya vinasaba, ilipochapishwa 2013 ilionekana kuwa jeni zinazotengeneza protini zinabadilika polepole zikilinganishwa na za wanyama wa nchi kavu. Polepole, lakini zinabadilika. Na mwaka 2011 Nikaido na wenzake walionyesha kuwa silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, yaani hawa wa kwetu, ni kundi lililojitenga kivinasaba na wa Komoro na kusini kwa zaidi ya miaka 200,000. Samaki "asiyebadilika" ana historia yake ya Tanga peke yake.

Kwa wavuvi wanaosoma uzi huu: akinaswa akiwa hai, kata nyuzi za jarife badala ya kumvuta, usimshike kwenye matamvua, mwachie. Akiwa amekufa, usimuuze wala usimkate. Mpe taarifa mhifadhi, kwa kuwa mwili mzima wenye tarehe, kina na mahali ni data, na kipande hakina thamani. Nyama yake ina mafuta na nta ambayo tumbo haliiwezi. Na ni samaki wa uzazi mzito: utafiti wa magamba wa 2021 ulikadiria umri wa karibu miaka 100 na mimba ya takriban miaka 5. Ukiua mmoja mkubwa umefuta kazi ya miongo.

#5 Mwalimu_Ngamiani

Marhaba Binti Kigombe. Umenisahihishia kichwa cha uzi, na nakubali. Silikanti anafaa kufungulia swali, hafai kulifunga.

#6 KidatoChaSita_TGA

Shikamooni. Naomba kuuliza. Kuna kitabu cha Gould kuhusu kupima mafuvu ya watu wa rangi tofauti. Wengine wanasema alimfichua mbaguzi, wengine wanasema yeye ndiye aliyepika data. Ukweli ni upi?

#7 Fundi_Mizani

Marhaba kijana. Swali hili ndilo zito kuliko yote kwenye urithi wa Gould, nalijibu kwa urefu.

Samuel Morton, daktari wa Philadelphia, alikusanya mafuvu mengi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kazi yake kubwa ya kwanza ilitoka 1839. Alitaka kujua ujazo wa ndani wa fuvu, akidhani ni kipimo cha akili. Mwanzo alijaza mbegu, akazimimina kwenye silinda na kusoma inchi za ujazo. Akaona vipimo vya fuvu moja vinatofautiana, akahamia goroli za risasi za kipenyo cha inchi 1/8, yaani milimita 3.2. Katika jedwali lake maarufu la 1839, la mbegu, wastani wa "Wazungu" ni inchi 87 za ujazo (kama mililita 1,426) na wa "Waethiopia", jina lake la Waafrika, ni 78 (mililita 1,278).

Gould hakupima fuvu hata moja. Alichukua majedwali yaliyochapishwa, akayapigia hesabu upya, akatoa makala 1978 na kitabu The Mismeasure of Man 1981. Hoja yake kali: kutoka mbegu kwenda risasi, wastani wa Waafrika ulipanda inchi 5.4, wa wenyeji wa Marekani 2.2, wa Wazungu 1.8. Kama kosa la mbegu lingekuwa la bahati, lingegawanyika sawa. Akahitimisha kuwa mkono wa Morton, bila yeye kujijua, ulishindilia mbegu zaidi kwenye fuvu alilolitarajia liwe kubwa na kumwaga kwa ulegevu kwenye lile alilolitarajia liwe dogo. Akaonyesha pia kuwa namna ya kuunda makundi inabadili jibu: mafuvu mengi ya Peru, ambayo ni madogo kwa sababu wenye nayo walikuwa na miili midogo, yaliushusha wastani wa wenyeji wa Marekani wote.

Kisha mwaka 1988 John Michael alipima upya baadhi ya mafuvu akaona Morton yuko sawa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2011 Jason Lewis na wenzake walipima 308, karibu nusu ya yale aliyopima Morton. Wakasema makosa ya Morton ya risasi ni machache na hayaelekei upande wa ubaguzi, na kwamba Gould mwenyewe alikosea hesabu kadhaa. Magazeti yakaandika kuwa Gould kaumbuka.

Lakini soma kwa makini. Lewis alikagua vipimo vya risasi. Hoja kali ya Gould ilikuwa tofauti ya mbegu na risasi, na mbegu hazikurudiwa. Michael Weisberg alilisema hilo 2014. Kisha 2018 Paul Wolff Mitchell alichimbua kumbukumbu za Morton mwenyewe na kuonyesha kuwa zile tofauti za mbegu hazitoshi kuthibitisha upendeleo wa mkono. Akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: Friedrich Tiedemann wa Ujerumani alipima mafuvu miaka hiyo hiyo kwa mbegu za mtama, akachapisha 1836, data zake zikafanana na za Morton kwa kiasi kikubwa, naye akahitimisha kuwa watu wote wana uwezo sawa na utumwa hauna hoja. Tiedemann alitazama jinsi vipimo vya makundi vinavyoingiliana; Morton alitazama wastani.

Kwa hiyo kijana: mkono wa Morton pengine ulikuwa safi kuliko Gould alivyodai. Ubaguzi ulikuwa kwenye swali alilouliza na kwenye namna ya kusoma jibu. Gould alikuwa sahihi kuwa matarajio huingia kwenye sayansi, na alielekeza kidole mlango usio wenyewe.

#8 Fundi_Mizani

Kwa walimu: somo hili linafanyika darasani kwa vifuu vya nazi. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kosa la mbegu linavyotokea.

Chukua vifuu vizima 6 vilivyokauka, vya ukubwa tofauti. Toboa jicho moja lipanue mpaka milimita 15, toa nyama yote ya nazi kwa waya uliopindwa, suuza, kausha juani siku mbili. Mabaki ya nazi yakibaki ndani yanakula nafasi na vipimo vinakuwa vidogo kila mara. Ziba macho mengine kwa nta.

Kipimo cha kweli kwanza: pima kifuu kikavu kwenye mizani, jaza maji, pima tena. Gramu 1 ni mililita 1. Fanya haraka, maana kifuu kinanyonya maji.

Baada ya kukausha tena, jaza uwele mkavu kwa faneli, mimina kwenye silinda ya mililita 500, andika. Fanya mara 10 kwa kila kifuu. Kisha rudia mara 10 kwa shanga za kioo za duara za milimita 3 hadi 4. Utakuta vipimo vya uwele vimetawanyika zaidi. Punje ni nyepesi, hazilingani, na zinashuka ukigonga kifuu au ukisukuma kwa kidole gumba kwenye tundu. Shanga ni nzito na zinateleza zenyewe mahali pake.

Halafu jaribio la dai lenyewe la Gould: bandika nusu ya vifuu karatasi "kikubwa" na nusu "kidogo" bila kujali ukweli, wape wanafunzi wasiojua lengo. Rudia siku nyingine kwa namba tu, mmoja akijaza na mwingine akisoma silinda bila kuonana. Linganisha kila kipimo na kile cha maji.

Makosa ya kawaida: kugonga silinda ya kupokelea lakini si kifuu, au kinyume chake. Weka kanuni moja, mathalani kugonga mara tano kila upande. Uwele uliokaa kwenye unyevu wa Tanga unavimba, uanike kabla. Soma silinda jicho likiwa usawa wa mstari.

#9 Kaole_Bgm

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Fundi, nimekusoma. Naomba tukumbuke kuwa mafuvu si habari ya Philadelphia peke yake.

Wakati wa Wajerumani mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalisafirishwa Berlin kwa ajili ya upimaji wa namna hii hii. Taasisi inayoyashikilia ilichunguza asili ya takriban 1,100: zaidi ya 900 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Septemba 2023 ikatangazwa kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi yao hapa Tanzania, katika familia za Wachaga. Huko Marekani nako, makumbusho ya Penn yanayoyatunza mafuvu ya Morton yaliomba radhi Aprili 2021.

Msomaji wa Ulaya anaweza kuuchukulia mjadala wa Gould na Lewis kama ugomvi wa takwimu. Sisi hatuwezi. Kila namba katika jedwali ni kichwa cha mtu aliyekuwa na mama na ukoo, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Gould aliandika kuhusu wapimaji kwa ustadi mkubwa, lakini waliopimwa karibu hawana majina kwenye kazi yake. Hilo ni pengo, na kizazi cha watafiti baada yake ndicho kinalijaza.

#10 Mwalimu_Ngamiani

Ahsante sana Kaole. Hilo lilikuwa halijasemwa.

Niguse dai la mwaka 1979, la Gould na Richard Lewontin. Walilalamika kuwa wanabiolojia wanaona kila kiungo wanakitungia faida: pua ni ya hiki, kidevu ni cha kile. Mfano wao ulikuwa wa kanisa la San Marco, Venice. Ukiweka kuba juu ya matao manne, pembetatu nne za kujipinda zinabaki kwenye pembe. Hata kwenye misikiti mingi yenye kuba juu ya matao utaziona. Mapambo yaliyochorwa pale ni mazuri mpaka unadhani pembetatu zilijengwa kwa ajili yake, kumbe zimetokana na kuba. Vivyo hivyo viungo vingine vya mwili ni matokeo ya ujenzi wa kitu kingine.

Mwanafalsafa Daniel Dennett alijibu 1995 kuwa fundi ana njia zaidi ya moja ya kuziba pembe zile, kwa hiyo umbo lililochaguliwa nalo lina sababu. Jibu zuri. Ila onyo limebaki na limebadili kazi: leo mtu akidai kiungo kina faida fulani anatarajiwa alete ushahidi, mathalani kuwa wenye nacho wanazaa zaidi ya wasio nacho, kwamba kinarithiwa, na kwamba kimejitokeza mara kadhaa katika koo zisizo za karibu zenye mazingira sawa. Mwaka 1982 Gould na Elisabeth Vrba waliongeza wazo la kiungo kilichoanza kwa kazi moja kikatekwa na nyingine. Manyoya ndiyo mfano maarufu: yalikuwapo kwa dinosaria wasioruka, kabla ya ndege.

#11 Maabara_Chumbageni

Mimi nataka kuzungumzia kitabu cha 1989, Wonderful Life. Gould alichukua visukuku vya miamba ya Burgess Shale ya Kanada, vilivyogunduliwa na Charles Walcott 1909, akadai kuwa historia ya uhai ikirudishwa mwanzo na kuachwa itembee tena, itatoa viumbe tofauti kabisa, na sisi huenda tusiwepo.

Vielelezo vyenyewe vilimwangusha. Mmoja wao, Hallucigenia, alichorwa akitembea juu ya miiba. 1991 Ramsköld na Hou waligundua kuwa alikuwa juu chini, miiba ni ya mgongoni. Viumbe wengi aliowaita wa ajabu wasio na ndugu wamepata ndugu: ni jamaa wa kale wa arithropodi (kundi la wadudu, kaa na buibui) au wa minyoo yenye miguu ya kisasa. Simon Conway Morris, mtafiti wa visukuku hivyo ambaye Gould alimsifu sana kitabuni, akageuka kuwa mpinzani wake mkubwa.

Swali hata hivyo limepata maabara. Richard Lenski alianza 1988 na vikundi 12 vya bakteria E. coli kutoka chanzo kimoja, kila siku wanahamishiwa chakula kipya, na sampuli zinagandishwa kila vizazi 500. Kila kikundi kiliongeza kasi ya kukua, kwa hiyo mengi yanajirudia. Lakini kwenye kizazi cha takriban 31,500 kikundi kimoja tu kilipata uwezo wa kula sitireti (kemikali itokanayo na asidi ya limau) palipo na oksijeni. Wakayeyusha sampuli za zamani na kuanza upya: zilizotoka baada ya kizazi cha 20,000 hivi ndizo zilizorudia uwezo huo, za mwanzo hazikuweza. Kuna badiliko la awali lililofungua njia. Nadhani Gould angelifurahia jaribio hilo, maana linaonyesha bahati na kanuni zikifanya kazi kwenye chupa moja.

#12 KidatoChaSita_TGA

Na wanaosema Gould alikiri kuwa mageuzi hayana ushahidi? Nimeona nukuu zake zikitumiwa hivyo.

#13 Mwalimu_Ngamiani

Zimekatwa. Aliandika kuwa viumbe wa kati ni adimu kwenye ngazi ya spishi na spishi, na papo hapo akasema wako tele kati ya makundi makubwa. Wanaomkata huchukua nusu ya kwanza. Desemba 1981 alitoa ushahidi mahakamani Arkansas dhidi ya sheria iliyotaka uumbaji ufundishwe kama sayansi, na Januari 1982 hakimu aliibatilisha.

Kuhusu dini, mwaka 1999 aliandika kuwa sayansi inashughulikia ulimwengu ulivyo na unavyofanya kazi, dini inashughulikia maana na maadili, kila moja ibaki eneo lake. Wapo waumini na wasioamini wanaosema mpaka huo hauko safi hivyo, na nakubaliana nao, kwa sababu dini nyingi zinasema pia mambo ya historia. Lakini kwa mwalimu mwenye darasa la Waislamu na Wakristo ni pa kuanzia penye heshima.

#14 Muuguzi_Makorora

Mmesahau kazi yake iliyosaidia watu wengi kuliko zote. Mwaka 1982 aligundulika na mesothelioma ya tumbo, saratani inayohusishwa na asbesto. Maandiko yalisema mediani ya kuishi ni miezi 8. Mwaka 1985 akaandika makala kueleza maana yake.

Mediani ya miezi 8 maana yake nusu ya wagonjwa wanafariki kabla ya hapo na nusu wanaishi zaidi. Ukiichora miezi waliyoishi wagonjwa, upande wa kushoto wa mchoro hauwezi kupita sifuri; upande wa kulia unaweza kunyooka miaka mingi. Kwa hiyo mgonjwa aulize: umri wangu, hatua ya ugonjwa na matibabu yananiweka upande gani? Na takwimu hizi zimetoka kwa wagonjwa waliotibiwa kwa dawa gani, miaka ipi? Gould aliishi miaka 20 baada ya hapo, akafariki kwa saratani nyingine. Asitumiwe kama ahadi kuwa kila mtu atapona. Alieleza umbo la mchoro, na kwamba yeye alikuwa na sababu za kutarajia kuwa kwenye mkia wa kulia.

#15 MtuWaMiamba

Wanaotaka kumsoma: msianze na The Structure of Evolutionary Theory ya 2002. Ina kurasa 1,433 na inachosha hata waliobobea. Anzeni na mkusanyo wa kwanza wa makala, Ever Since Darwin wa 1977. Kitabu cha mafuvu chukueni toleo la 1996, kisha msome makala za 2011, 2014 na 2018 alizotaja Fundi, kwa mpangilio huo. Jarida la PLoS Biology, lililochapisha ya 2011 na ya 2018, linasomwa bure mtandaoni. Sehemu ya pili ya kitabu, ya vipimo vya akili na takwimu zake, imepingwa vikali na wataalamu wa saikolojia, kwa hiyo isisomwe peke yake.

#16 Fundi_Mizani

Naunga mkono. Walimu watakaofanya la vifuu, wekeni vipimo vyote hapa, hata vilivyoharibika, na muandike nani alijaza na nani alisoma silinda. Kifuu kikipasuka katikati ya zoezi, msikigundishe na kuendelea. Ujazo umebadilika, anzeni kingine.

#17 Binti_Kigombe

Na kwa upande wa magamba, kama kuna shule inataka kufuata utaratibu wa #2: okoteni yaliyokufa tu, yasiyo na kiumbe ndani wala kaa aliyehamia, na nje ya mipaka ya hifadhi. Konokono wa mikokoni wanafaa, ni wengi na gamba ni gumu. Pimeni 30 kutoka penye mto na 30 kutoka penye maji ya chumvi tupu, kwa kalipa inayosoma milimita 0.02. Maumbo yakitofautiana kwa maji peke yake, mtakuwa mmeona kwa nini Turkana ilileta ubishi.